Poda ya Simiyu Kwenye Paipu za Mowlem

Harufu ya poda ya mtoto huniondoa mahali nilipo. Wengine wakiinusa hukumbuka beseni na taulo laini. Mimi hukumbuka baridi ya Agosti, simiti mbichi, na mamangu ameinama kando ya ukuta wa jengo lisilo na madirisha pale Mowlem, mikono yake myeupe hadi kwenye viwiko. Tulimzika mwaka huu, mvua zilipokwisha. Kwenye mazishi walimsifu kwa uvumilivu na kwa sauti yake kanisani, na yote yalikuwa kweli. Hakuna aliyetaja nyaya. Basi nitazitaja mimi.

Tulikuwa tukiishi Ziwani. Baba alikuwa fundi wa stima, kazi aliyojifunza kwa kuwabebea mafundi wengine vifaa huko Industrial Area. Mama alikuwa msusi. Jumamosi wanawake walikaa kwenye mkeka mlangoni petu, mmoja akisukwa, wengine wakingoja na kucheka, na nywele zilizochanwa zikipeperushwa na upepo hadi kwa jirani, ambaye alilalamika kila wiki bila kuchoka. Likizo hiyo ya Agosti Baba alikuwa amepata jengo zima la ghorofa, kazi yake ya kwanza kubwa ambamo hakuwa msaidizi wa mtu. Lakini paipu zilikuwa zimeshafukiwa ukutani na kupigwa plasta kabla hajafika, na aliyezilaza alizikunja kona nyingi kama mtu aliyekuwa akikimbia mvua. Kazi ya Baba ilikuwa kupitisha nyaya humo ndani, kutoka kwenye ubao wa mita hadi ghorofa ya juu.

Nyaya zilikwama. Baba alizifunga kwenye waya mwembamba wa chuma uliotangulia ndani ya paipu, akazipaka sabuni ya kipande iliyolowekwa, akavuta kutoka juu huku msaidizi wake akisukuma kutoka chini. Zikafika kona ya pili, zikagoma. Kufikia alasiri sabuni ilikuwa imekauka na kunata kama ugali kwenye sufuria, na ilibidi wazirudishe zote. Msaidizi akasema wajaribu mafuta ya kupikia. Baba akakataa: mafuta hulainisha mpira wa waya hadi uharibike, na panya hufuata harufu. Mzee Mutua, msimamizi wa jengo, alikuwa amesimama hapo akisikiliza. "Kesho zisipopita," alisema, "naita nyundo, ukuta unavunjwa, na wewe, fundi, unaenda nyumbani. Nitatafuta mwingine."

Jioni Baba alitueleza hayo akiwa ameloweka viganja vyake kwenye maji ya chumvi, maana waya ulikuwa umevichana. Mama alikuwa akimpaka poda ndugu yangu Simiyu, aliyetoka kuogeshwa. Hakumpa Baba pole. Alimuuliza, "Kichwa ulikifunga vipi?" Baba akachukua vipande vya nyaya, akaviweka pamoja, akavizungushia utepe mweusi hadi vikawa kitu kinene kama ngumi. Mama akakitazama. "Baba Nekesa," alimwita kwa jina langu, "hicho ni kirungu. Kitapitaje kona?" Akakifungua. Akafunga waya mmoja mbele, wa pili nyuma yake kidogo, wa tatu nyuma ya huo, hadi kichwa chote kikawa chembamba mbele na kinene nyuma, kama mwisho wa msuko unavyomalizwa ili usifumuke. Kisha, viganja vyake vikiwa bado na poda, akavuta nyaya kati ya vidole vyake, na zikapita bila kukwaruza. Walitazamana. Simiyu alilala usiku ule bila kumaliziwa poda; iliyobaki iliwekewa nyaya.

Asubuhi msaidizi hakuja. Alikuwa amepata kibarua kiwandani. Mama akafunga leso kiunoni, akanibebesha Simiyu mgongoni, tukaenda sote. Waashi walipomwona walianza. "Fundi, leo umeleta bibi akupikie?" Mama akawajibu bila kugeuka, "Kula ni baadaye. Leteni kiti." Alizinyoosha nyaya sakafuni moja moja, zisipandane, kama anavyotenganisha nywele kabla ya kusuka. Poda aliitia ndani ya soksi kuukuu ya Baba iliyokatwa ncha, akaipitishia nyaya katikati, na kila zilipoingia kwenye paipu zilikuwa zimeshapakwa pande zote.

Baba alikuwa juu, haonekani. Walizungumza kupitia paipu, sauti yake ikishuka nyembamba kama ya mtu aliye kisimani. Mama aliposema "Haya!" alisukuma, na Baba akavuta wakati uleule. "Polepole, Mama Nekesa!" "Vuta wewe, wacha hotuba!" Waashi wakacheka. Ndani ya ukuta tulisikia nyaya zikipita, shhh, kama mahindi yakimiminwa guniani. Kisha sauti ikakatika. Kona ya pili. Mzee Mutua akainua nyundo kutoka sakafuni. Nilimchukia.

"Usivute!" Mama aliita. "Legeza." Akazirudisha nyaya kiasi cha mkono, akazigeuza kidogo kwa kifundo cha mkono, akafumba macho, akasukuma kwa ulaini ule ule anaotumia kwenye kichwa cha mtoto mwenye nywele za kuuma. Shhh. Zikaendelea. Waashi waliacha kazi wakasikiliza ukuta pamoja nasi, hadi Baba alipopiga kelele kule juu: "Kimetoka! Mama Nekesa, kichwa kimetoka!" Mzee Mutua akaweka nyundo chini. "Mama," alisema, "hiyo ni mikono ya msusi. Bibi yangu nimlete lini asukwe?" Likizo iliyobaki wazazi wangu walivuta nyaya za jengo lile pamoja, Mama chini, Baba juu, na hakuna ukuta uliovunjwa.

Leo mimi ni msusi, na chumba changu cha kazi kinatazamana na jengo hilo. Juzi vijana walikuja kubadilisha nyaya. Wana jeli ya chupa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na nitasema ukweli, ni nzuri kuliko poda. Poda ilimkohoza Mama wiki nzima. Nilivuka barabara nikasimama mlangoni. Kijana mmoja alishika nyaya za zamani, akajikaza tayari kupigana nazo, akavuta, nusura aanguke kinyumenyume kwa jinsi zilivyotoka kirahisi. Alipanguza viganja vyake, akashangaa weupe uliobaki. "Mathe, hizi zilivutwa na nani?" aliniuliza. "Zimetoka smuz, hata hazikukwama."

"Baba alivuta," nikamwambia. "Mama ndiye aliyezipitisha." Nikamwomba kipande kimoja. Nimekiweka kwenye droo ya vitana, na sijakipanguza.