Kalamu Nne na Mashini ya Mpunga

Kazi yangu hospitalini Kasongo, miaka ya mwisho ya Wabelgiji, ilikuwa kutazama kalamu. Watu wakicheka nikisema hivyo, nawaacha wacheke. Daktari wetu Mzungu alitibu wagonjwa wa akili kwa umeme: unapita kichwani kufumba na kufumbua, mwili unashikwa na kifafa, kisha unatulia, na mara nyingi baada ya siku kadhaa mtu aliyekuwa hasemi neno anaomba uji. Lakini mwili ukitulia, si lazima kichwa nacho kiwe kimetulia. Ndiyo maana daktari alileta sanduku lenye nyaya za kubandikwa kichwani, na kalamu nne zilizoandika kinachoendelea ndani, juu ya karatasi inayojivuta yenyewe. Yeye alitazama mwili. Mimi nilitazama kalamu, nimwambie zikilala, yaani zikiandika mstari ulionyooka. Zisipolala, kulikuwa na sindano ya kuzilaza, nayo haikutakiwa kuchelewa, kifafa kisije kikala kumbukumbu za mtu.

Niliionea fahari kazi hiyo. Kaptura yangu nyeupe ilipigwa pasi kila asubuhi, na mtaani niliwaambia watu kwamba ninasoma vichwa vyao. Nilikuwa na majivuno, nakiri.

Kisha nikaumbuka. Mgonjwa mmoja, mchimbaji kutoka Lusangi, alikuwa ameshatulia, lakini kalamu zilikuwa bado zinatetemeka, nikapaza sauti kwamba bado. Daktari alikuja mbio na sindano, akaangalia karatasi, akaenda kufungua dirisha. Ng'ambo ya barabara mashini ya kukoboa mpunga ilikuwa ikinguruma, na umeme wake ndio uliozitikisa kalamu zetu. Alicheka hadi akafuta machozi. Alinieleza kwamba mashini huandika meno madogo yaliyo sawasawa, kama ya msumeno, na kifafa huandika vilima visivyolingana. Nilielewa. Lakini tangu siku ile, kila asubuhi aliniuliza mbele ya wafanyakazi wote mpunga unaendeleaje, na mimi nikaapa moyoni kwamba hatanicheka tena.

Muda si mrefu wakamleta yaya, dada yangu mkubwa, aliyenilea mgongoni mwake tangu mama alipofariki. Alitoka Wamaza katika lori, amelazwa juu ya magunia ya pamba. Tangu amzike mtoto wake wa mwisho hakuwa amesema, na chakula alitiliwa kinywani kwa kijiko. Mimi ndiye niliyemwandikia mumewe amlete. Shemeji aliogopa, akaniuliza kama matibabu yale huua. Nilimjibu kwamba nitakuwepo mwenyewe, macho yangu hayatabanduka kwenye kalamu, na yeye akaniamini.

Ilikuwa Ijumaa, karibu na adhuhuri. Nilimvua kitambaa cha kichwa, nikambandika nyaya moja moja. Vidole vyangu vilipogusa sikio lake alifumbua macho, akasema kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Mudogo wangu, utabakia hapa?"

"Nitabakia, yaya. Sitatoka."

Umeme ukapita. Mwili wake ulijipinda, ukatikisika, kisha ukalegea, vidole vya mkono wa kushoto vikawa vya mwisho kutulia. Daktari, akiwa amemwinamia, aliuliza habari za kalamu. Hazikuwa zimelala. Niliona meno au niliona vilima? Mpaka leo nikifumba macho naona vyote viwili. Ninachokumbuka vizuri ni kwamba nilikisikia kile kicheko kabla hakijachekwa.

"Iko mashini ya mupunga tu, dokta," nilisema.

Hakuja kuangalia. Alisema kwamba sasa nimejifunza kazi, akanawa mikono, akaenda nyumbani kwake kula.

Nikabaki na yaya, kalamu zikikwaruza, karatasi ikijikunja sakafuni. Ndipo nikasikia adhana. Niliisikia neno kwa neno, kutoka msikiti wa mtaani kwetu, mle chumbani ambamo siku nyingine saa kama ile hatukusikia chochote isipokuwa mngurumo wa mashini. Mwenye mashini ni Mwislamu. Kila Ijumaa huizima mapema ili watu wake waende kuswali. Mimi niliyekulia katika msikiti ule nililijua hilo kuliko mtu yeyote hospitalini. Mashini ilikuwa imezimwa, na kalamu zilikuwa bado zinaandika.

Ningekimbia hapohapo, labda leo ningejisamehe. Sikukimbia. Nilisimama nikizisihi kalamu zilale zenyewe, nisilazimike kwenda kumwambia daktari mezani kwake kwamba nimekosea tena. Uso wa yaya ulikuwa mtulivu kabisa, ila ukope mmoja uliokuwa ukicheza. Watu walianza kurudi kutoka kuswali, nikasikia mazungumzo yao barabarani, ndipo nikatoka mbio. Kabla ya kutoka niliisukuma karatasi yote chini ya kitanda kwa mguu.

Sindano ilizilaza kalamu mara moja. Daktari aliniuliza zilianza lini kuandika vile. Nilimwambia sasa hivi.

Yaya alipona, kama kula, kutembea na kucheka ndiko kupona. Mumewe alimfundisha upya majina ya watoto, akayashika. Langu hakulishika, wala uso wangu. Kila kiangazi nilikwenda Wamaza kwa baiskeli, na kila mara alinyanyuka kunipa kiti, akaniita dokta, akanishukuru kwa kumtunza. Safari ya mwisho, kabla hajafariki, aliniuliza jambo.

"Dokta, weye uko na yaya?"

"Niko naye."

"Anakaa wapi?"

"Hapa hapa Wamaza."

Alinifungia ndizi za njiani.

"Basi umwendee mbele ya kurudi Kasongo. Pengine anakungojea."

Nilizipokea zile ndizi kwa mikono miwili. Shemeji alinisindikiza mpaka barabara kuu, akinishukuru naye, na hata yeye sikumwambia.