Kumtafutia Theresia Chuo cha Kuigiza, Kansay hadi Ngorongoro

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nasema hili mapema ili msomaji asije akadhani anasoma habari za msafiri. Hadi mwaka ule, miaka michache baada ya Uhuru, safari yangu ndefu ilikuwa kwenda mnadani Karatu na kurudi siku hiyo hiyo, tena nilirudi mapema kwa sababu nilikuwa nimekikumbuka kiti changu. Aliyenitoa nyumbani kwetu Kansay ni Theresia, binti wa dada yangu, aliyemaliza darasa la nane akatangaza, mbele ya chungu cha makande, kwamba anataka chuo cha kujifunza kuigiza.

Baba yake, shemeji yangu Paskali, hakugomba. Angegomba ingekuwa nafuu. Alisema tu kwamba masista wamempa Theresia nafasi katika kozi ya uuguzi, na wanataka jibu Jumapili baada ya misa.

"Mkipata kabla ya hapo chuo cha huo uigizaji," alisema, "chuo cha kweli, ambacho mtu wa mahindi kama mimi nakiweza, sawa. Mkikosa, anavaa gauni jeupe."

Hiyo ilikuwa Jumatano. Na Theresia huyu, kuku akichinjwa, huenda kusimama nyuma ya nyumba na kuziba masikio.

Kwa nini nipelekwe mimi? Kwa sababu nilifika kidato cha pili, na ukoo wetu uliamini kwamba mtu wa kidato cha pili hawezi kudanganywa na chuo chochote. Dada yangu aliniambia, "Danieli, vaa viatu." Nikavaa.

Alhamisi asubuhi tulifika Karatu, mimi nikiwa ndani ya koti la kuazima ambalo mwenyewe alikuwa na mabega mawili na nusu. Tulimkuta Bwana Salimu, mwenye duka, akipakia sukari na unga kwenye lori lake. Alikuwa anapitia Oldeani, alale huko, kesho yake apande Ngorongoro.

"Mnakwenda wapi?" aliuliza.

"Kutafuta chuo cha kuigiza."

"Anayeigiza nani?"

"Huyu binti. Mimi namsindikiza tu."

Salimu alinitazama kuanzia kola hadi viatu. "Kumbe na wewe unaigiza. Unaigiza msindikizaji. Vizuri sana, hata nguo wamekupa."

Theresia alicheka hadi tulipovuka mto. Mimi nilikaa juu ya gunia la unga nikijitahidi kuwa na heshima, na kila tulipoingia shimoni heshima ilinitoka pamoja na vumbi jeupe. Nilipofika nilikuwa kama andazi ambalo halijakaangwa.

Mchana tulikuwa Oldeani, katikati ya mashamba ya kahawa. Tulikuwa tumesikia kwamba mke wa mzungu mmoja mwenye shamba anafundisha uigizaji katika ghala lake la zamani. Ni kweli, alikuwa anafundisha. Mama yule alitupokea vizuri, akatupa chai na biskuti, akamwambia Theresia asimame katikati ya ghala.

"Sasa, wewe ni mti."

Theresia akafikiri. "Mti gani, Mama?"

"Mti tu."

"Mgunga au mkuyu?"

"Mti wowote. Upepo unakuja." Kisha akanigeukia mimi, niliyekuwa na biskuti mdomoni. "Na Baba atakuwa upepo."

Sijui kama msomaji amewahi kuwa upepo mbele ya mpwa wake. Nilivuta pumzi, nikapuliza, na biskuti ikatangulia. Theresia alianguka chini, na hadi leo anadai kwamba alikuwa anaigiza mti uliong'oka. Mama yule alipiga makofi, akasema binti ana kipaji. Halafu akatutajia ada.

Niliitafsiri kwa lugha ya Kansay: fahali wawili kila muhula, na mihula ni mitatu kwa mwaka. Kufikia mwaka wa pili Paskali angekuwa analima kwa meno.

Theresia aliuliza jambo ambalo mimi, mtu wa kidato cha pili, sikuwa nimelifikiria. "Mama, nikishajifunza, nitacheza kama nani, na mbele ya nani?"

Yule mama hakutuficha. Michezo yake yote ilikuwa ya Kiingereza, na watazamaji wake ni majirani zake wa mashambani. "Huwa kuna mtumishi," alisema. "Anaingia na sinia. Nafasi ndogo, lakini nzuri."

"Mjomba," Theresia akaninong'oneza, "chai naweza kupeleka hata bila chuo."

Yule mama alisikia, akawa mwekundu, kisha akacheka na sisi. Ni yeye aliyetuambia kwamba kuna mwalimu wa kike wa chuo cha ualimu, Mwalimu Mtui, aliyepanda Ngorongoro na wanafunzi wake kuonyesha michezo kwa wafanyakazi na wafugaji. Chuo hicho ni cha serikali, na kuigiza ni mojawapo ya masomo yake. Alitusindikiza hadi barabarani, akamwombea Theresia heri. Biskuti zilizobaki akanifungia mimi, labda kwa kuhurumia upepo wangu.

Ijumaa asubuhi lori lilipita lango la Ngorongoro na kuanza kupanda msituni. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba Salimu alitoa kichwa dirishani kutafuta barabara. Kwenye kona moja nyati alisimama katikati ya njia, akatutazama kama karani anavyowatazama watu waliofika ofisini wakati wa chakula. Salimu akazima injini. Nikamuuliza kama tupige honi. "Piga wewe," alisema, "mimi nitakuwa nimeshuka." Tukangoja hadi mwenye ofisi alipojisikia kuondoka.

Juu, kwenye ukingo wa kreta, ukungu ulifunguka kidogo, na bonde lote likaonekana chini yetu, na ziwa lake na wanyama wadogo kama punje za ulezi.

"Mjomba, ona jukwaa!" alisema Theresia.

Mimi niliona shimo. Nikashika kamba ya lori kwa mikono yote miwili.

Tulimkuta Mwalimu Mtui kwenye ukumbi wa wafanyakazi, mama mfupi mwenye sweta mbili, moja juu ya nyingine. Nilimwuliza maswali yote niliyotumwa: ada, chakula, wasichana wanalala wapi, nani anashika ufunguo. Alijibu bila kuchoka. Serikali inalipia masomo na chakula. Mwanafunzi anakuja na blanketi, ndoo na nauli. Wasichana wana bweni lao na matroni asiyecheka. Nilianza kuona fahali wa Paskali wakipona.

"Ila nafasi imebaki moja," alisema, "na mimi sichukui mtu kwa kumwonea huruma. Leo alasiri asimame pale mbele. Aseme kitu chake mwenyewe. Nikiona, tutaongea."

Alasiri ukumbi ulijaa. Wanafunzi walikaa mbele kwenye mabenchi, mikono imekunjwa, kama walivyofundishwa kumpa heshima mchezaji. Nyuma tulisimama mimi, Salimu, madereva na wapishi, na dirishani Wamasai kadhaa waliokuwa wameleta maziwa.

Theresia aliinama kidogo, akashika fimbo ya kufikirika, na papo hapo nikamwona mzee mmoja wa kwetu ninayemjua vizuri. Mzee huyo alikuwa anaomba mvua, lakini kwa masharti, kwa sababu paa lake lilikuwa bado halijaezekwa.

"Mvua inyeshe Kansay!" alisema, kwa sauti ya mzee. Akanyamaza.

Ukumbi kimya.

"Inyeshe kwa jirani kwanza!" Akanyamaza tena.

Kimya. Mwalimu Mtui aliinua macho, akasema kwa upole, "Usiogope. Ukikumbuka maneno, endelea."

Hakuwa amesahau hata neno moja. Mimi ndiye niliyeelewa, na ningependa sana aelewe mtu mwingine. Kwetu Wairaqw, mzee akiomba, watu humwitikia kila anapopumzika. Asipoitikiwa hawezi kwenda mbele, maana ni kama ameambiwa anyamaze. Mtoto alikuwa amesimama pale akingoja watu wake, na watu wake ukumbini mle walikuwa mmoja, ndani ya koti kubwa.

Mimi siongei kwenye mikutano. Hata misani naimba kwa midomo tu. Lakini alipofungua mdomo mara ya tatu, akasema, "Kwangu mimi iwe manyunyu!" nikasikia sauti ikipasuka nyuma ya ukumbi: "Eeeee!" Ilikuwa yangu.

Mwanafunzi mmoja aligeuka. "Mzee, samahani, ukumbini hatupigi kelele."

"Na iache kona ninayolala!" alisema Theresia, uso umeshachangamka.

"Eeeee!" nikajibu, nikimtazama yule mwanafunzi kwa kumwomba radhi.

Safari hii sikuwa peke yangu. Kutoka dirishani Wamasai waliitikia, "Naai!" kama wanavyoitikia baraka kwao. Salimu akadakia. Wapishi nao. Yule mzee wa Theresia akaanza kugombana na Mungu kuhusu mipaka ya shamba, na ukumbi mzima ukawa Kansay.

Alipomaliza, Mwalimu Mtui alikuwa akifuta machozi ya kicheko. Lakini alinyanyuka na uso wa kazi.

"Binti, siku ya mtihani wakaguzi watakaa hapo kama magunia. Hawataitikia. Utafanyaje? Rudia, na safari hii kila mtu afunge mdomo." Akanigeukia. "Mjomba utatusubiri nje."

Nilitolewa, kweli kabisa, kama kuku aliyeingia kanisani. Nikasimama kwenye ukungu nikiwaza nyati, nikiuma kola ya koti la watu. Ndani nilisikia sauti ya mzee, kisha kimya. Sauti, kimya. Kila kimya kilikuwa kirefu kuliko cha kwanza, nami kila mara nilijaza mdomo "eee" nikaimeza. Nikaona gauni jeupe. Nikaona ndoo ya damu, na mpwa wangu chini pembeni yake.

Halafu kimya kimoja kikanyooshwa hadi nikadhani amekimbia kupitia dirisha la nyuma, na ghafla mabenchi yakapiga kelele: "Eeeee!" Walikuwa wanafunzi wenyewe, wale wa mikono iliyokunjwa.

Mlango ukafunguliwa. "Ingia, Mjomba, utaugua," alisema Mwalimu Mtui. "Huyu ni wangu."

Nilimwuliza Theresia alifanyaje. Alisema mara ya kwanza alingoja kama mtu anayeomba maji. Mara ya pili aliwatazama mmoja mmoja kama watu wanaochelewesha mvua.

Jumamosi tuliteremka na lori hilo hilo. Salimu hakutaka nauli ya Theresia. Yangu alichukua, akasema wasindikizaji ni wengi.

Jumapili baada ya misa, Paskali alinisimamisha kwenye ua wa kanisa na kuniuliza kuhusu ada, chakula, bweni na ufunguo. Nikajibu yote.

"Na huko atamchezea nani?" aliuliza mwishowe.

"Watu kama wewe, shemeji. Wanakwenda vijijini."

Alivaa kofia yake, akatembea polepole hadi kwa masista, akawashukuru, akawaambia nafasi ile wampe mtoto mwingine.

Nilichojifunza ni kidogo. Nilipeleka maswali mengi safarini, yote mazuri, na ada ni lazima uulize. Lakini swali lililotutoa Oldeani lilikuwa la Theresia, na lililomaliza kazi Jumapili lilikuwa la baba yake, na yote mawili ni swali moja. Siku hizi wazazi wananijia kuuliza habari za vyuo, kana kwamba mimi ni mjuzi. Nawauliza mtoto wao anataka kusema na nani. Wengi hujibu kwamba hawajui, na mimi huwaambia warudi nyumbani wakamuulize, kwani nyumbani ni mahali pazuri sana.