Kontuari ya Himbi Ilitaka Mukono Wangu

Bandugu wa shirika letu la sala, mutanisamehe nikisema kwa sauti kubwa. Mungu alinitendea kitu kikubwa, na mimi sijui kusema kitu kikubwa kwa sauti ndogo. Munanijua. Mimi ni Mama Noela wa Mabanga, hapa Goma, muzaliwa wa Bukavu, fundi wa umeme. Sikusema bibi ya fundi. Fundi ni mimi! Papa Deo, mume wangu, ni mwalimu, na balbu ya nyumbani ikikufa anakaa gizani ananingojea.

Mbele ya ajali nilikuwa mutu wa kutafutwa. Nyumba nyingi za hapa nimezipitishia nyaya, na hakuna hata moja iliyoungua. Ndiyo maana patroni mumoja wa Himbi aliniita. Alikuwa anafungua resto, akataka nimutengenezee umeme wa kontuari, ile meza ndefu wanapopanga chakula watu wachague. Niliifurahia sana kazi hiyo. Kontuari ya chakula si chumba cha kulala. Hapo kuna furu ya kuokea, sahani za kupashia moto, mashini ya kahawa, frigo, na maji yanamwagika kila saa. Ukiweka prizi, yale matundu ya kuchomekea nyaya, ovyo ovyo, utazika mutu.

Asubuhi ile nilikata umeme kwenye kisanduku cha kampuni iliyokuwa inawasha siku ile, nikapima, hakuna kitu. Nikamuambia patroni, naye akaenda zake njia ya Lac Vert kufuata mboga. Jikoni alibaki Mama Kavira, mupishi, mama wa Butembo, mwenye nguvu na mwenye haraka.

Sasa munajua desturi yetu ya Goma. Umeme ukienda, nani anauliza umeenda kwa nini? Hakuna! Mutu anatukana kidogo, anashika mukono wa swichi, anageuza kutoka kampuni moja ya umeme kwenda nyingine, kazi inaendelea. Resto ile ilikuwa na kampuni mbili. Mama Kavira aliona frigo imenyamaza. Akasema, "Bamekata tena, hawa batu!" Akageuza.

Mimi nilikuwa nimepiga magoti chini ya kontuari, nimeshika waya.

Sikusikia maumivu kwanza. Nilisikia mukono unajifunga wenyewe. Nataka kuachia, vidole vinakaza zaidi. Meno yanagongana, sauti haitoki, nikajikojolea. Nasema wazi, sina haya. Mama Kavira aliinama kuchukua sufuria, akaona macho yangu. Hakunigusa, Mungu amubariki! Alichukua mwiko wa bugali, ule mukubwa wa mbao, akanipiga nao mukono kwa nguvu zake zote za Butembo mpaka waya ukaanguka.

Kiganja kilikuwa cheupe katikati, cheusi pembeni, kinanuka nyama ya kuchoma. Papa Deo alipofika hospitali, mukono ulikuwa umevimba hadi kwenye bega, na mukojo wangu ulikuwa mweusi kama chai kavu. Munganga akatuambia, "Mama, umeme haukuchoma ngozi tu. Umepika na nyama ya ndani." Wakanipasua kutoka kiganja hadi kiwiko ili uvimbe upate nafasi, wakanijaza serumu, yale maji ya mushipani, ili figo zisife. Figo zikapona. Mukono ukakataa. Kidole kidogo kikaoza, harufu ikajaa chumba.

Munganga akarudi. "Tukate hapa," akaonyesha juu ya kifundo. "Tuokoe maisha yako."

Bandugu, nililia. Mimi huyu, nililia kama mutoto. Mukono wa kuume! Fundi bila mukono wa kuume ni nini? Halafu hasira ikanipanda. Nikasema, "Munganga, chukua kile kilichokufa. Kilicho hai, uniachie."

Papa Deo akanishika bega. "Noela, mimi nataka bibi muzima. Mukono uende."

"Utapata yote mbili," nikamujibu. "Wewe keti."

Munganga akacheka, lakini akaniwekea sharti. Atakata kidole kidogo tu, na kuoza kukipanda, atakata mukono bila kuniuliza tena. Nikakubali. Nikashika rozari kwa mukono wa kushoto na sikuiachia. Kuoza hakukupanda.

Wakachuna ngozi kwenye paja wakanibandika kiganjani. Lile paja liliniuma kuliko mukono, kweli. Nyumbani, vidole vilikuwa vigumu kama misumari. Munganga alisema nitashika kijiko, lakini turnevisi, ile bisibisi ya kazi yangu, nisahau. Nisahau? Mimi? Kila siku nilifinya tonge la bugali ya moto, naachia, nafinya tena, machozi yanashuka kwenye sahani. Mama Kavira alikuwa anakuja na unga, anakaa mulangoni, analia. Nikamuambia, "Wewe uliwasha, wewe ulinitoa. Tumemaliza. Leta huo unga."

Siku nilipokaza vise ya kwanza kwa turnevisi, nilipiga kelele mpaka majirani wakaja.

Nikarudi Himbi. Patroni akasema, "Mama, pumzika. Tutaita fundi mwingine." Nikamujibu, "Hiyo kontuari imeonja nyama yangu. Nitaimaliza mimi."

Na nimeimaliza! Furu ina waya wake munene peke yake. Frigo iko kwenye njia yake, ili furu ikileta matata nyama isioze. Prizi zote ziko juu, mbali na maji, na kuna kifaa kinachokata umeme chenyewe ukipita mwilini mwa mutu. Swichi ya kugeuza ina kufuli. Fundi akiwa kazini, anafunga na kutembea na ufunguo. Muende muone. Sijaona nyingine kama hiyo Goma nzima.

Namushukuru Mungu, munganga, Papa Deo, na yule mama wa mwiko. Na wewe unayelala leo na kidonda, usikubali kuitwa mufu kabla hujafa. Gombana na mwili wako kila siku. Na umeme ukienda, usikimbilie swichi. Uliza kwanza kama kuna mutu.

Siku ya kufungua resto niliwasha vyote pamoja, furu, kahawa, sahani, na hakuna kilichokatika. Kumbe kampuni ndiyo ikakata, watu wakiwa wanakula. Wateja wakaita, "Mugeuze!" Mama Kavira akasimama mbele ya swichi, mikono kiunoni.

"Mama Noela! Uko wapi? Nione mikono!"

Nikainua yote miwili juu, vidole tisa, resto nzima inanitazama. Ndipo akageuza.