Roboti wangu "Bwana Harusi" alivyomshika Baba Mdogo mkono akagoma kuachia

Wakuu, habari za muda huu.

Kuna video fupi inazunguka kwenye magrupu, imeandikwa "mzee akamatwa na jini la dukani Kariakoo". Wengi mmeicheka, wengine mmeisambaza na aya za kujikinga.

Hilo jini nimelitengeneza mimi. Na huyo mzee ni baba yangu mdogo.

Nimeona niandike mwenyewe jinsi ilivyokuwa, bila kuongeza chumvi. Asiyeamini simlazimishi, apite tu.

Mimi ni fundi wa redio za magari na amplifaya. Nina kifremu cha kufanyia kazi Mchafukoge, jirani na Kariakoo, kimebanana na duka la suti la mama mmoja nitakayemwita Bi Zuhura.

Tangu utoto ni mgonjwa wa filamu za maroboti. Tuliokulia vibanda umiza tunaelewana: mmebanana kwenye benchi, jasho linatoka, DJ anatafsiri juu kwa juu na roboti wa Ulaya anaongea Kiswahili cha Manzese.

Wenzangu walikuwa wanasubiri milipuko. Mimi nilikuwa nasubiri pale roboti anapompa binadamu mkono. Chuma kinashika nyama, taratibu, na hakiumizi. Nikajiapiza kwamba siku moja nitatengeneza wa kwangu, na kitu cha kwanza atakachojua ni kusalimia watu.

Kabla sijaenda mbali, lazima mumjue Baba Mdogo.

Baba yangu alifariki nikiwa mdogo. Mdogo wake akanitoa Lindi, akaja na mimi hapa Dar. Kazi yake tangu siku hizo ni kuparua na kukata samaki pale sokoni Feri. Samaki mkono wa kushoto, kisu mkono wa kulia.

Hana duka, hana shamba, hana kiinua mgongo kinachomsubiri popote. Ana mkono wa kulia. Ada yangu, sare zangu, mpaka pasi yangu ya kwanza ya kuchomelea waya, vyote vimetoka kwenye mkono ule.

Jambo lingine, salamu zake ni ndefu. Ukimpa mkono umekwisha. Anaushikilia mpaka aulize ya nyumbani, ya kazini, mvua, na yule mgonjwa wenu aliyelazwa mwaka juzi. Kuuchomoa mkono kabla hajamaliza, kwake ni tusi. Vijana wa Feri wenye haraka zao wanampungia kwa mbali makusudi.

Salamu hizo zishikeni, tutazirudia.

Basi nikaanza kujenga. Bi Zuhura alikuwa na mdoli wa kuvalishia suti, bega limevunjika, akanipa kwa sharti kwamba nikimaliza atasimama mlangoni kwake. Kichwa nikaweka helmeti ya pikipiki. Macho ni taa za nyuma za bodaboda. Vidole nikavichonga kwenye mabaki ya aluminiamu ya mafundi wa madirisha, nikavivalisha glavu nyeupe.

Kilichonitesa ni nguvu ya mkono. Mota ndogo nilizojaribu zilikuwa zinashika kama mtu anayeumwa malaria. Nikaenda Gerezani, kwenye maduka ya vipuri, nikachukua mota ya kupandishia vioo vya gari.

Hapa naomba mnifuate vizuri. Ukizima gari kioo kikiwa nusu, jaribu kukisukuma chini kwa mkono. Hakishuki. Ile mota ikikosa umeme inabaki pale pale ilipofika, imekaza. Hilo nilikuwa nalijua, vioo nimefungua vingi mno. Nikaliona ni faida, kwamba vidole havitatikisika.

Kiganjani nikaweka sensor ya mgandamizo. Ukimpa mkono anahisi, anafunga vidole. Ukimminya, na yeye anakuminya, ili salamu iwe na uhai kama kwenye filamu. Ukilegeza, anaachia. Skrubu zote za mkono nikazifunika kwa puti ya magari, ile ya kuzibia mabonde ya bodi, nikapiga msasa, nikapaka rangi ya fedha. Alipendeza, wakuu, lazima niseme ukweli.

Masumbuko, muuzaji wa Bi Zuhura, alipomvalisha suti nyeusi na tai akambatiza jina, Bwana Harusi.

Watu walijaa. Wanampa mkono, wanacheka, wanapiga picha, wanaingia ndani kuuliza suti. Hakuna aliyeumia hata kidogo. Na mnajua kwa nini? Kwa sababu Kariakoo mtu anakupa mkono huku jicho liko kwenye begi lake. Anagusa, anaachia, anaondoka. Hakuna mwenye muda wa salamu ndefu.

Mimi nikajua roboti amefaulu mtihani. Kichwa kikavimba. Nikampigia Baba Mdogo aje aone ada yake ilikoenda.

Akaja siku ya Ijumaa kabla ya swala, ameoga, amevaa kanzu yake nzuri.

"Shikamoo Baba Mdogo."

"Marahaba mwanangu. Ndiye huyu?"

"Ndiye. Mpe mkono."

Mimi mwenyewe ndiye niliyesema hivyo.

Akampa mkono. "Asalamu alaykum, bwana harusi. Habari za nyumbani?" Watu wakacheka. Bwana Harusi akafunga vidole.

Baba Mdogo hakuachia. Angeachiaje, salamu ndiyo kwanza imeanza. Akauliza za kazi, akauliza bibi harusi hajambo. Halafu akasema, "Eh, huyu ana nguvu," naye akakaza, kwa utani, kama wanaume wa kijijini kwetu wanavyopimana.

Roboti akasoma anaminywa, akakaza. Vidole vilipombana, kiganja cha Baba Mdogo kikagandamiza sensor zaidi. Roboti akasoma anaminywa zaidi, akazidi kukaza.

Nilikuwa nacheka. Nilijua kuna tatizo pale kicheko cha Baba Mdogo kilipokatika katikati.

"Hamisi," akaniita. Siyo kwa sauti kubwa. "Mwambie aachie."

Sasa Baba Mdogo alikuwa amelegeza vidole vyake vyote, lakini haikusaidia. Roboti alikuwa anaukandamiza mkono kwenye sensor mwenyewe, halafu anajibu mgandamizo wake mwenyewe. Angeendelea hivyo mpaka mota ifike mwisho wake.

Nikaruka kwenye laptop niliyomwendeshea roboti. Amri ya kufungua mkono ilikuwa pale mbele ya macho yangu, nabonyeza tu.

Ndipo nikasikia Masumbuko anapiga kelele, "Kanaswa na umeme! Zima, zima!" Akarukia swichi kubwa ukutani akaishusha.

Duka likawa kimya. Feni zikasimama, macho ya Bwana Harusi yakazima. Na mkono wake ukabaki umekaza vile vile, kama kioo cha gari lililozimwa.

Simlaumu Masumbuko. Sisi tunaoishi na nyaya zinazoning'inia kila ukuta, ukiona mtu ameshikwa na kitu na hachomoki, unazima umeme kwanza na maswali baadaye. Mwingine alishakamata fagio anampiga nalo Baba Mdogo begani ili amnasue. Walikuwa wanamwokoa. Ingekuwa ni shoti kweli, leo ningekuwa nawashukuru.

Masumbuko akauliza, "Niwashe tena?"

Nikapiga ukelele wa "usiwashe" ambao sijawahi kuusikia ukitoka kinywani mwangu. Maana akiwashwa anaanza upya, na jambo la kwanza analofanya ni kusoma kiganja. Angesoma anaminywa, akakaza, kabla laptop haijampata.

Nikakimbilia skrubu. Skrubu ziko chini ya puti. Nikagonga, nikakwangua, kila nikigonga Baba Mdogo anafumba macho. Nikaacha.

Wakati huo mlango umejaa watu, simu ziko juu, mtu anasoma aya kwa sauti. Fundi wa mageti wa jirani akaja na grinda yake, anasema akate kifundo cha roboti. Kile kisahani cha kukatia kingepita karibu na mishipa ya Baba Mdogo.

"Hicho kisisogee hapa," Baba Mdogo akasema. Alikuwa ameshakalishwa kwenye katoni la mashati, jasho linamtiririka mpaka kwenye kola ya kanzu. Ncha za vidole vyake zilizochomoza kwenye ile glavu nyeupe zilianza kubadilika rangi.

Niliogopa, wakuu. Nilikuwa nauona mkono wa kisu, mkono ulionisomesha, unakufa ndani ya mkono nilioutengeneza mimi.

Woga huo huo ndio ulionikumbusha kwamba mota ni mota tu. Haihitaji laptop wala programu. Ukiipelekea umeme wa betri moja kwa moja inazunguka, na ukigeuza waya inazunguka kinyume.

Nje kulikuwa na dereva wa bodaboda. Sikumwomba mara mbili, akafungua betri ya pikipiki yake akaniletea mbio. Nikakata waya za mota begani kwa roboti, nikazimenya.

Nikazitazama. Zote mbili nyeusi.

Nilipokuwa najenga niliishiwa waya mwekundu, nikatumia mweusi kote nikijiambia nitakumbuka. Sikukumbuka. Nikiziunga hivi, mkono unafunguka. Nikizigeuza, unafunga, na safari hii hakuna programu wala sensor, mota inakwenda na nguvu zake zote.

Nikabaki nimechuchumaa, betri miguuni, waya hewani.

"Nini tena?" Baba Mdogo akauliza.

Nikamwambia ukweli kwamba sijui ipi ni ipi.

Akazitazama zile waya. Halafu akasema, "Gusa kidogo tu. Mwenye mkono ni mimi, nitakwambia."

"Nikikosea itakubana zaidi."

"Hamisi. Gusa."

Nikagusa. Mota ikatoa sauti fupi, trr. Baba Mdogo hakupiga kelele. Aliuma kola ya kanzu, mwili wote ukakakamaa, na nikasikia kitu kidogo kikilia ndani ya ile glavu. Sauti ile bado ninayo masikioni.

Akaachia kola. "Siyo hiyo," akasema.

Nilikuwa nalia waziwazi, mbele ya simu zote zile. Nikageuza waya, nikaziunga, nikashikilia. Vidole vya Bwana Harusi vikafunguka taratibu, kwa adabu kabisa, kama nilivyokuwa nimeota utotoni.

Baba Mdogo akauchukua mkono wake akauweka kifuani kama mtoto mchanga.

Hospitali wakasema vidole viwili vimevunjika, cha kati na cha pete. Wakamfunga plasta. Daktari nilipomuuliza kama atashika kisu tena, akajibu tusubiri. Neno hilo nililala nalo na kuamka nalo.

Baba Mdogo mwenyewe alinitazama nilivyokaa nimejikunyata kwenye benchi, akasema, "Yule ndugu yako hana adabu. Kamshika mtu mkono, hata wazima nyumbani hajauliza." Nikacheka huku machozi yanatoka.

Majirani walitaka nikamchome moto Bwana Harusi. Bi Zuhura alitaka mdoli wake atolewe mlangoni siku hiyo hiyo, na ana haki. Roboti nikamfunika turubai nikamweka nyuma ya fremu, sikumgusa kwa muda mrefu. Aliyenituma nimfunue ni Baba Mdogo. Alisema kama nimeweza kumfundisha kushika, nirudi nikamfundishe kuachia.

Mota ya vioo nimeing'oa. Sasa nimeweka mota dhaifu inayovuta waya wa breki ya baiskeli, na springi zinazovuta vidole kuelekea kufunguka. Umeme ukiwepo anashika. Ukikatika, hata mtaa mzima ukizimika, mkono unafunguka wenyewe. Waya mmoja mwekundu, mmoja mweusi. Puti hakuna, skrubu zote ziko nje, na amekuwa mbaya wa sura kweli kweli.

Nilichojifunza ni kwamba nilimpima na watu wenye haraka tu, nikadhani nimempima na watu wote. Na nilifikiria sana atakavyoshika, sikufikiria umeme ukikatika itakuwaje, mimi niliyezaliwa na kukulia kwenye nchi ya umeme kukatika.

Mafundi mlioko humu, naomba mawazo yenu. Springi zangu zinatosha, au niongeze kitu kingine cha kufungulia kwa mkono? Na wewe uliyesambaza ile video, ukisoma hapa, ongezea basi kwamba jini lina springi.

NYONGEZA: Wengi mmeuliza mzee anaendeleaje.

Plasta ilishatoka. Kidole cha pete hakijanyooka vizuri na daktari anasema ndivyo kitakavyobaki. Amerudi Feri. Anaparua samaki wadogo, changu na vibua, samaki wakubwa anamwachia mwenzake wa meza ya pili. Kisu anakishika, polepole, ila anakishika.

Juzi alikuja kwenye fremu. Nikaingiza mkono wangu mimi kwa Bwana Harusi, Masumbuko akashusha swichi, vidole vikafunguka. Tukarudia mpaka Masumbuko akachoka. Baba Mdogo alikuwa anatazama tu.

Halafu akanisogeza pembeni, akautoa mkono wa kulia, ule ule, akampa.

Nilisimama kwenye swichi, mkono uko juu yake. Vidole vikafunga. Sikungoja hata kidogo, nikashusha.

Mkono wa roboti ukafunguka wote.

Baba Mdogo hakuachia. Alikuwa ndiyo kwanza anamuuliza habari za nyumbani.