Konokono wa Sange

Siku za uhuru wa Kongo watu wa Sange waliambiwa kwamba nyumba za Wazungu zitakuwa zao, na magari yao vilevile. Wengi wangali wanangoja. Ni Firmin peke yake aliyepata vyote viwili, nyumba na gari, kwa mpigo mmoja, tena bila kugombana na mtu. Kasoro ilikuwa ndogo tu: gari lilikuwa haliendi, na nyumba ilikuwa inavuja.

Bwana wake alikuwa Mbelgiji aliyezunguka bonde la Ruzizi akipima udongo wa pamba. Alikuwa amejenga chumba cha bati juu ya mgongo wa lori dogo, chenye kitanda, meza ya kukunja, beseni la kunawia na dirisha lenye pazia la maua. Watu walimwita Bwana Konokono, na lori lenyewe wakaliita Konokono. Firmin ndiye aliyeliendesha. Jioni bwana alipanda juu kulala, na dereva alitandika mkeka wake chini, kati ya magurudumu, akawa anasikia miguu ya bwana wake juu ya kichwa chake. Aliishi hivyo miaka mingi na hakuona ajabu.

Julai ya mwaka wa uhuru Konokono alizimika Sange, mbele ya soko. Mbelgiji hakungoja fundi. Alipanda gari la Mgiriki mmoja lililokuwa likikimbilia Usumbura, akachungulia dirishani na kusema, "Firmin, ni yako," kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi. Majirani walisaidia kulisukuma hadi uwanjani kwa Firmin. Likakaa hapo.

Likakaa miaka. Firmin aliliosha kila Jumamosi, akakwaruza kutu kwa kigae, na kutu ikarudi kabla ya Jumamosi nyingine. Alipoulizwa litatembea lini alijibu, "Natafuta kipande kimoja tu." Hakuwa anakitafuta sana. Gari lisilokwenda halipati ajali wala halimwaibishi mwenyewe njiani. Moyoni alijua, ingawa hakujiambia, kwamba siku atakayolitengeneza litaanza kuwa gari bovu. Kabla ya siku hiyo lilikuwa gari zuri lililokosa kipande.

Kisha mvua za mwisho wa mwaka 1963 ziliangusha nyumba yake ya matofali mabichi. Firmin na mke wake Libérate wakahamia ndani ya Konokono, kwa msimu mmoja tu, walisema. Sange haikuchelewa kuwaona.

"Firmin, sasa weye unalala mu motokari kama gunia ya muhogo?"

Neno hilo lilimchoma. Ili kulifuta, akafanya kosa ambalo mtu wa mahali pengine asingepata hata nafasi ya kulifanya: alikitaha chumba kile, yaani alikiingia kwa heshima zote za kuzindua nyumba mpya. Alitafuta pombe ya ndizi, akawaita majirani. Akamtuma Libérate kwa mama yake huko Luberizi akalete moto, maana jiko la nyumba mpya huwashwa kwa moto wa jiko la kwao mke. Mama yake, Pudentienne, alitoa makaa ndani ya kigae, pamoja na kuku. Moto ulipowashwa, Firmin alisimama mlangoni akasema mbele ya wote, "Hii iko nyumba. Mutu akiiita motokari, amenitukana." Wakanywa, wakakubali.

Muda si mrefu Pudentienne mwenyewe, ambaye nyonga ilikuwa imemkatalia kulima, akahamia kibanda kilicho nyuma ya Konokono ili awe karibu na mwanawe. Alikuwa mama mkwe wa zamani, wa heshima kamili. Hakula na Firmin, hakumtazama usoni, hakutamka jina lake, na kamwe hakukanyaga mahali mkwewe analala. Na kwa kuwa Konokono alikuwa chumba kimoja, chote kilikuwa mahali mkwewe analala. Mchana alikaa nje kwenye kiti chake cha mbao, amegeuzia mlango mgongo. Mvua ikinyesha, alijifunika jani la mgomba.

Neno likiwapo lilipita kwa Libérate, hata wote watatu wakiwa wamesimama pamoja.

"Libérate, muambie bwana yako kuku zake ziko zinakula mchele yangu."

"Libérate, muambie mabukwe nimesikia."

Libérate alikuwa ameacha zamani kurudia. Alisimama tu katikati, kama nguzo ya simu.

Aprili ya mwaka 1964 vita vikaingia bonde. Waasi walikuwa milimani, kisha wakawa vijijini, na jeshi lilipita barabarani likienda kuwapiga, kisha likapita likirudi. Waliokuwa na miguu walianza kuelekea Kavimvira, kwenye mpaka wa Burundi. Pudentienne alikuwa na mdogo wake Gatumba, hatua chache ng'ambo ya mpaka. Lakini kutoka Sange hadi mpaka si safari ya nyonga yake. Hata kanisani alikuwa hafiki tena.

"Utaitengeneza ao hautaitengeneza?" Libérate akauliza.

"Niko nawaza."

"Tangu uhuru uko unawaza. Minye sitamuacha mama. Kama unataka kukimbia, kimbia na Konokono yako, wawili yenu."

Firmin akaenda kwa Pontien, fundi aliyekuwa na kibanda karibu na soko. Pontien alikuja, akalala chini ya gari, akatoka na kutu kwenye nywele.

"Sikia, ndugu. Nikiitengeneza muzuri, wanajeshi wataichukua. Motokari ikiwaka tu, iko ya jeshi. Nikiitengeneza mubaya, itakufa mu njia. Unataka gani?"

"Katikati."

"Katikati ndiyo kazi nguvu," Pontien akasema. "Muzuri na mubaya, kila fundi anajua."

Jirani mmoja alishauri aliache likae. Kutu, alisema, ni askari asiyelala, anayelilinda gari kuliko mlango wowote. Firmin alimsikiliza kwa shukrani kubwa. Akaenda kuliosha, ingawa haikuwa Jumamosi. Alipokuwa anafuta kioo aliona mle ndani sura ya mke wake nyuma yake, akifunga nguo za mama yake katika kitenge. Akaweka kitambaa chini na kumrudia Pontien.

Kipande kilichokosekana tangu uhuru kilipatikana asubuhi moja, katika lori lililopinduka njia ya Luberizi. Firmin alikasirika kidogo. Aliona kama ametukanwa. Esansi ya kuliwasha waliinyonya kutoka lori hilohilo. Pontien akazungusha manivela, mkono wa chuma wa kuwashia injini, mara moja, mbili, halafu Konokono akakohoa na kuwaka, akitetemesha mabati na pazia la maua. Majirani walitoka. Firmin alisimama, mikono mfukoni, kama mtu aliyefumaniwa.

Libérate alimshika mama yake mkono. "Mama, njo tupande."

"Tupande wapi?"

"Mu motokari."

"Motokari gani? Minye naona nyumba ya mukwe yangu. Moto yake ilitoka kwangu. Kuku yangu mulikula."

"Muambie mabukwe iko motokari," Firmin akasema.

"Muulize bwana yako, ni nani alisema mbele ya watu iko nyumba."

Majirani walitazama chini. Walikuwa wamekunywa ile pombe. Kiti cha mbele, bega kwa bega na mkwe, hakuna hata aliyethubutu kukitaja.

Firmin akaingia ndani, akatoa kitanda na kukiweka uwanjani mbele ya macho ya watu wote. Kisha meza na beseni. Pudentienne alisubiri mpaka akamaliza.

"Libérate, chumba yenye kutolewa kitanda iko chumba tu. Muendeshe muende. Minye nimeshafika hii miaka bila kukanyaga kwa mukwe, sitaanza leo juu ya waasi."

Upande wa Luberizi mlio ulisikika, kama mtu anayetwanga kwenye kinu kikubwa. Libérate alikaa chini miguuni pa mama yake, akafungua kitenge cha nguo, akaanza kuzikunjua moja moja.

Firmin alimwangalia, kisha akamwangalia Pontien. "Toa nyumba," akasema.

"Yote?"

"Yote."

Walidhani itakuwa kazi ya kutwa. Lakini kutu ilikuwa imeshaifanya. Wao walimalizia tu. Nati zilikatika kama biskuti, na kwa mabega ya majirani chumba kikateremshwa, kikakaa kwenye majani, pazia lake dirishani. Sasa vilikuwa vitu viwili, na Firmin hakujua aage kipi.

Kiti cha mbao kilifungwa kwa kamba juu ya mbao tupu za lori, kimetazama nyuma, ili mama mkwe asimwone dereva. Pudentienne akapandishwa. Alikaa, akanyoosha kitenge magotini. "Hii sasa iko motokari," akasema, kwa Libérate.

Pontien alibaki; kibanda chake, alisema, hakina magurudumu. Njiani watu waliomba kuweka mizigo, wakatembea wakishikilia kando, maana Konokono hakuwa na mwendo wa kumwacha mtu.

Kavimvira, mbele ya mti uliofunga njia mpakani, sajenti akainua mkono. "Shukeni. Hii motokari jeshi iko inachukua."

Konokono akakohoa, akatoa moshi mweusi, akazimika. Sajenti mwenyewe akazungusha manivela mpaka jasho likamtoka. Nyuma, malori mawili ya askari waliotoka vitani yalikuwa yanapiga honi kutaka njia.

"Uchafu gani huu? Sukumeni, itoke mu njia."

Askari wakashuka malorini, wakaweka bunduki mgongoni, wakasukuma kuelekea mpakani, upande pekee uliokuwa wazi. Pudentienne alikuwa ametazamana nao, na hawa hawakuwa wakwe zake. Aliweza kusema nao.

"Weye mwenye kofia, uko unaegemea ao uko unasukuma?"

"Niko nasukuma, mama."

Mlinzi wa upande wa Burundi aliona kikongwe kaketi kitini, analetwa na jeshi zima; akadhani ni mama wa mkubwa fulani. Aliinua mti bila kuuliza kitu.

Askari wakarudi kwenye malori yao. Gatumba ilikuwa mbele, njia tambarare. Libérate alikaa mbele akashika usukani. Wanaume wawili ambao mizigo yao ilikuwa bado juu walishika pembe, na katikati ikabaki kwa mwenye gari. Firmin akaweka mikono kwenye mbao, akainua kichwa, na hapo, hatua moja tu mbele yake, ulikuwa uso wa mama mkwe wake.

Pudentienne akajifunika kitenge kichwa chote. Firmin akainamisha chake, wakasukuma. Wakaenda hivyo kitambo. Halafu gurudumu likaanza kuvuta kwenye mtaro.

"Libérate," ikaita sauti chini ya kitenge, "muambie bwana yako iko inaenda mu shimo."

Libérate alikuwa mbele, amekaza macho barabarani, hakusikia. Lori likainama kidogo, na kiti nacho.

"Libérate."

Kitenge kikasogea, likatokea jicho moja, likapima mtaro, likapima mtu.

"Kushoto," Pudentienne akasema, bila kumtaja yeyote.

Firmin akasukuma kushoto.