Ng'ambo Tatu za Kumpata Mtoto Mmoja

Wengi wenu hapa Shika Adabu, Likoni, mliniona nikitoka asubuhi ile na buibui langu la kutokea, nikawaambia nakwenda Kisauni kwenye posa. Nilisema uongo, na niliusema vizuri. Ukweli ni kwamba Rehema, binti wa marehemu kaka yangu, alikuwa ameamka na damu kwenye leso, na mimba yake ilikuwa ya miezi minane. Mimi ndiye shangazi yake, ndiye niliyemfunda alipovunja ungo, na kwetu mwanamke akiwa na mimba ya kwanza hurudi kuzaa kwa mama yake na shangazi hakai mbali. Kwa hiyo nilikwenda.

Kuhusu uongo wenyewe, desturi mnaijua. Uchungu wa mzazi hautangazwi. Husemwa anaumwa kichwa, amekwenda dukani, amelala, mpaka mtoto alie ndipo vigelegele vipigwe. Wifi yangu Zuhura, mama yake Rehema, ameishika desturi hiyo kwa mikono miwili. Anaamini macho ya watu yakishamfuata mzazi, mtoto hukwama. Hata dereva wa teksi tuliyemkodi aliambiwa kwamba Rehema ana homa ya tumbo. Dereva alilitazama tumbo la Rehema, limejaa kama mtungi, akasema Mwenyezi Mungu amponye hiyo homa.

Tulishika njia ya Dongo Kundu, kwa sababu foleni ya magari kwenye feri asubuhi haina huruma na mgonjwa. Barabara ni mpya, madaraja marefu, mikoko chini, malori ya makontena yanapishana kama yanakimbizwa. Rehema alilaza kichwa mapajani mwangu, akawa ananiuliza kila baada ya muda kama mtoto bado anacheza, ilhali mtoto yuko tumboni mwake yeye, si mwangu. Niliweka mkono, nikamwambia anacheza. Zuhura alikuwa akivuta uradi bila kupumzika.

Tulikuwa tukielekea Changamwe, si mbali na uwanja wa ndege. Salim, mume wa Rehema, hupakia mizigo ya abiria pale uwanjani, na bima ya kazi yake ilikuwa imemfungulia mkewe mlango wa hospitali moja ya binafsi. Huko ndiko alikokuwa akienda kliniki. Na kliniki ilikuwa imeshatuambia jambo zito: kondo la nyuma limekaa chini, limeziba mlango wa kizazi, na mtoto yuko nyuma yake. Mtoto wa namna hiyo hapiti njia ya kawaida, hutolewa kwa upasuaji. Siku ilikuwa imeshapangwa, ila damu haikungoja siku.

Changamwe, nitasema kweli, nilipapenda. Sakafu ilikuwa safi hata nikaona haya kuikanyaga na viatu vya Likoni. Kulikuwa na baridi ya mashine na viti laini, na msichana aliyevaa tai aliniita madam. Rehema alipewa chumba chake peke yake, chenye mlango unaofungwa. Zuhura aliuona ule mlango, akaketi, na kwa mara ya kwanza tangu alfajiri akanyamaza kwa raha. Alikuwa amepata anachokitaka, mahali pasipo na macho.

Raha ile haikudumu. Daktari alikuja, mwanamke mtulivu wa makamo, akampima Rehema polepole, kisha akatuita ukumbini. Alisema damu bado inatoka kidogo tu, lakini akipasuliwa inaweza kutoka nyingi kwa ghafla, na mtoto atakuwa njiti anayehitaji mashine ya joto.

"Mama, chumba ninacho," aliniambia. "Damu ya akiba sina, na mashine ya mtoto mdogo hivyo sina. Nikiwaambia mkae, nitakuwa nawadanganya."

Wallahi nilimheshimu. Angeweza kutuweka pale tukalala kwenye mashuka meupe tukingojea mambo yaharibike. Alipiga simu hospitali ya serikali iliyoko upande wa Kisauni, akaeleza hali, akaambiwa vitanda vimejaa lakini mgonjwa aletwe. Salim akapewa habari atufuate huko. Zuhura alilia. Nilidhani analilia hatari, kumbe pia analilia ule mlango.

Njia ya Makupa tuliipita kwa ambulensi, king'ora kikilia mpaka masikio yanauma. Hapo ndipo wifi yangu alipofanya jambo ambalo sitamwachia mpaka tuzikwe. Alimgongea dereva kioo, akamwomba azime kile king'ora, maana mji wote utajua kwamba kuna mzazi. Dereva alikuwa kijana wa kutoka bara. Alimjibu kwa adabu yake ya huko, "Mathee, nikizima hii kitu, tutafika kesho." Rehema, mgonjwa wetu, alicheka hadi nikamkataza asicheke, atazidisha damu.

Kisauni tulifika jua likiwa limepanda sana. Sasa nisikilizeni vizuri, kwa maana jambo hili halifai kupambwa. Wodi ya wazazi ilikuwa imejaa. Kila kitanda kina mama wawili, mmoja kichwa huku, mmoja kichwa kule, na wengine wako kwenye magodoro sakafuni. Mwanamke aliyebeba maisha mawili analazwa mzungu wa nne. Sikuona uzuri wowote katika hali ile na sitaki mtu aniambie kwamba ni umoja. Ni aibu, na si aibu ya wale wanaofanya kazi pale.

Muuguzi aliyetupokea aliitwa Kadzo, mwenyeji wa Kaloleni, mwembamba, mwendo wa haraka. "Poleni, msikonde," alisema, na tayari mkono wake ulikuwa kwenye mshipa wa Rehema. Akamlaza kitanda kimoja na msichana aitwaye Akinyi, mkazi wa Ziwa la Ng'ombe, aliyekuwa anangoja uchungu uchanganye. Akinyi alijikunja kumpa Rehema nafasi kabla hajaombwa. Zuhura akatoa leso yake, akaanza kuifunga kwenye dirisha na chuma cha kitanda ili iwe pazia. Kadzo akaifungua kwa upole, akasema anataka kumwona mgonjwa wake hata akiwa mwisho wa wodi.

Daktari wa pale alikuwa kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi, lakini mikono yake ilijua kazi. Alisema atampasua alasiri hiyo hiyo. Kisha akatuleta kwenye jambo lenyewe. Akiba ya damu ya kundi la Rehema ilikuwapo, ila ndogo, na ni ya wazazi wote waliomo wodini.

"Nikiifungua yote kwa huyu, na jioni akaja mwingine, nitamwambia nini?" alisema. "Leteni watu wa kuirudishia. Nikijua watu wanakuja, nitafanya kazi bila kubana."

Salim alikuwa amefika na nguo zake za kazi, akakunja mkono, akatoa. Mimi nilikataliwa kwa sababu ya presha. Zuhura alikataliwa kwa umri, akakasirika kana kwamba ametukanwa. Basi tukabaki watu watatu, na mmoja tu ndiye aliyefaa.

Nilitoa simu. Mnakumbuka lile kundi letu la simu, la wapishi wa harusi, ambalo huamka tu kukiwa na pilau ya kupikwa au mtu wa kusengenywa. Zuhura aliushika mkono wangu.

"Usiwaambie," alisema. "Mpaka azae. Nimezaa watoto wote kwa siri na wakaishi. Hayo mato ya watu, Mwanaisha, hayo mato siyataki."

Nilimtazama wifi yangu, mwanamke aliyenipokea nyumbani kwa kaka yangu nikiwa mdogo, na nikajua hofu yake si ujinga. Ni mapenzi yaliyokosa njia nyingine. Lakini Rehema alikuwa pale ndani, leso ya pili imeshalowa.

"Zuhura," nikamwambia, "mficha uchi hazai. Si mimi niliyesema, wazee ndio waliosema. Tukinyamaza leo, tutakuwa tumemficha hadi kaburini."

Aliutazama mlango wa wodi. Kisha akauachia mkono wangu. "Waambie," alisema. "Waambie wote."

Basi nikawatumia ile sauti mliyoisikia. Nilisema hakuna posa, nilisema uongo, mtanisuta baadaye. Rehema anazaa, yuko Kisauni, inahitajika damu, mwenye nguvu na aje na mwenye mume na aje naye. Nilikuwa nimevunja kitu nilichofundishwa na mama yangu, na sikujua kama nimefanya sawa.

Alasiri, kabla mwadhini hajamaliza, kulitokea zogo langoni. Askari wa lango alidhani ni maandamano. Mlikuwa nyinyi. Mlikuwa mmevuka feri kwa pamoja, mabuibui yamejaa njia, nyuma yenu waume na vijana wa maskani ya mpira, na maalimu wetu wa madrasa na kilemba chake. Mama Sauda, ambaye hatukuwa tukisemezana tangu habari ya sufuria iliyorudi imetoboka, alinipita bila salamu, akaenda moja kwa moja akawa wa kwanza wenu kukunja mkono. Na kwa kuwa watu wa Likoni hawajui kwenda mahali mikono mitupu, mlikuja pia na sinia la viazi vya karai. Askari alikataa zogo lakini viazi alivikubali.

Baadhi yenu mlikataliwa, mmoja ananyonyesha, mwingine mwepesi mno, maalimu sukari imepanda. Waliobaki walitosha na wakazidi. Kadzo alisimama mlangoni akautazama mstari ule unaozunguka jengo, kisha akageuka akakimbia. Nilimsikia akimwambia daktari, "Anza. Watu wamekuja."

Kungojea sitawaeleza, maana mlingoja nami. Zuhura alikuwa ameketi katikati yenu, kati ya macho yote aliyoyaogopa, na kila aliyempita alimshika bega. Aliacha uradi wake akawa anaitikia dua zenu.

Jua likianza kuteremka, daktari alitoka. Kanzu yake ya kazi imelowa.

"Damu ilimwagika sana," alisema. "Nikamrudishia. Sikubana. Mama yu hai, na mtoto ni msichana."

Vigelegele vilivyopigwa pale vilisikika Kongowea, nami nilipiga vya kwanza. Mtoto alikuwa mdogo, mkono wake haujafika kidole changu, lakini ndani ya ile mashine ya joto alikuwa akilia kwa hasira. Nililia na mimi, hadharani, bila kujifunika.

Asubuhi iliyofuata tulikuta habari nyingine. Akinyi naye alikuwa amejifungua mvulana, akatokwa na damu, na daktari alifungua akiba bila kusita kwa kuwa ilikuwa imejaa. Tulimkuta ameketi, midomo imekauka, anatabasamu.

"Sasa mimi ni mtu wa Likoni," alituambia. "Pilau ya harusi zenu nakula kama ndugu."

Mnaniuliza ni wapi pa kuzalia, kwa binafsi au kwa serikali. Niliyoyaona ni haya. Changamwe nilikuta vitanda vitupu na daktari mkweli. Kisauni nilikuta damu, mashine, mikono hodari, na vitanda havitoshi. Mgonjwa wangu alilazimika kupita kote, damu ikimtoka, ili akusanye vipande vya hospitali moja. Mwanamke wa Mombasa anastahili vyote chini ya paa moja, na nitalisema hilo kwenye kila baraza nitakayoalikwa na nisiyoalikwa. Lakini mpaka siku hiyo ifike, msimfiche mzazi. Jueni makundi yenu ya damu, jueni nani anaweza kutoa, na mtu akiingia mwezi wa nane majirani wajue. Siri niliyokuwa nikiilinda karibu inizikie mtoto.

Mtoto alipopata uzito na ruhusa ikatoka, tulirudi kwa feri. Rehema aliketi, Salim amesimama nyuma yake, na Zuhura ndiye aliyempakata mjukuu, amemfunika leso mbili juu ya nyingine. Watu walikuwa wengi, wauza korosho, wanafunzi, mabaharia. Mama mmoja tusiyemjua aliuliza kwa adabu kama huyo aliyefunikwa ni mtoto mchanga.

Nilijua wifi yangu atasema ni furushi. Alimtazama yule mama, akawatazama watu waliotuzunguka, kisha akaondoa leso ya kwanza, akaondoa na ya pili, uso wa mtoto ukapigwa na mwanga wa bahari.

"Mtizameni," alisema. "Mtizameni nyote. Huyu ana damu ya watu."