Mwanahawa na Vidonge vya Uso

Siku ya kwanza Rehani alipokutana na mpwa wake, hakumwona. Alichoona ni kanga.

Msichana aliteremka kwenye basi pale Mkuyuni, siku ya gulio, begi begani, kanga imemfunika kichwa na uso, yamebaki macho tu. Rehani akadhani ana jino linalomsumbua. Akasogea, akatazama miguu yake mwenyewe kama ilivyo kawaida yake mbele ya watu, akauliza, “Wewe ndiye Mwanahawa?”

“Ndiye mimi. Shikamoo mjomba.”

“Marahaba. Pole na safari. Jino?”

“Siyo jino, mjomba.”

Basi, hakuuliza zaidi. Walipanda mlima, mmoja mbele, mwingine nyuma. Mmoja alikuwa haangalii watu, mwingine hataki kuangaliwa, na kwa hiyo safari ilikwenda vizuri.

Mwanahawa alizaliwa Songea, ambako dada yake Rehani alikuwa ameolewa. Mama alipofariki na baba akaoa mke mwingine, msichana, wakati huo ana miaka ishirini na moja, alifunga begi akarudi kwa watu wa mama yake. Uluguruni mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye anayepaswa kumpokea. Rehani alikuwa amekaribia miaka hamsini. Shule aliishia darasa la saba. Aliuza ndizi kwa jumla, kwa sababu mnunuzi wa jumla haongei sana. Mkewe alikuwa amerudi kwao zamani, bila ugomvi wowote. Alisema tu amechoka kuongea na ukuta.

Wiki haikuisha, Mwanahawa akauliza shamba la mama yake liko wapi. Rehani akamwonyesha: kipande cha mteremko juu ya kijito, kimejaa magugu marefu kuliko mtu, na pembeni dada zake Issa walikuwa wamepanda mihogo yao kwa kuwa hapakuwa na mwenyewe. Issa alikuwa mtoto wa mama mdogo wa Rehani, mtu wa maneno mengi na mashati mazuri.

“Hili lote?” Mwanahawa akauliza.

“Mpaka kwenye ule mfenesi. Lakini ni pori.”

“Naliona, mjomba.” Akajifunga kanga nyingine kiunoni, akaomba panga.

Masika yalipofika hapakuwa na pori tena. Alikata ngazi za udongo kuanzia juu mpaka kwenye kijito, akatengeneza matuta yaliyoshika maji, akapanda mahindi na maharage. Rehani alikuwa akipita na mkungu kichwani, anasimama kidogo, anatazama zile ngazi, kisha anaendelea na safari yake bila kusema kitu. Jioni alisema kwa njia yake: alimwachia kipande kikubwa cha samaki.

Ule uso lakini haukujificha siku zote. Gulioni kanga huteleza, na watu wana macho. Zilikuwa chunusi kubwa, nyekundu, zenye usaha, zimejaa mashavuni mpaka chini ya taya. Mama mmoja alimkataza kushika nyanya zake asije akaziambukiza. Na Issa, siku Mwanahawa alipopanga mafenesi yake chini, alipaza sauti soko zima likasikia:

“Jamani njooni! Leo fenesi linauza mafenesi!”

“Mjomba Issa,” Mwanahawa akasema bila kuinua kichwa, “fenesi ndilo lililokununulia hilo shati. Mamako alikuwa anauza nini pale chini ya mfenesi wa mamangu?”

Watu walicheka mpaka Issa akahama upande wa pili wa soko. Rehani naye alicheka, uso ameugeuzia kwenye ndizi. Lakini usiku alisikia maji yakimwagwa nyuma ya nyumba, na msichana akijisugua uso kwa ndimu huku anavuta pumzi kwa meno. Alikuwa amejaribu ndimu, dawa ya meno, majani ya mpapai, na mafuta ya kopo yaliyomuunguza ngozi ikabanduka. Tangu shule alikuwa akijifunika.

Asubuhi moja Rehani alimkuta jikoni bila kanga. Uso ulikuwa hauvumilii kitambaa tena. Mto wake wa kulalia ulikuwa umegandiwa na damu. Mara ile, kwa ajabu, Rehani hakutazama miguu yake.

“Kesho tunakwenda mjini,” alisema. “Hospitali.”

Daktari alikuwa mwanamke. Rehani alikaa kwenye benchi la ukumbini kwa muda mrefu, mpaka Mwanahawa akatoka na karatasi mkononi.

“Kasemaje?”

“Kasema siyo uchafu, wala siyo laana, wala siyo kwa sababu sijaolewa.”

“Nani alisema laana?”

“Kila mtu, mjomba.” Akakunja ile karatasi. “Ni mambo ya damu yangu tu, inavyokwenda na mwezi.”

Rehani alitambua kwamba hapo pameanza mambo ya kike, akainua macho akakagua feni ya darini kwa makini sana. Mwanahawa akaendelea kwa upole, “Kanipima presha, kaniuliza maswali mengi. Kanipa dawa ya kupaka na dawa ya kumeza. Ya kumeza ni kila siku, saa ile ile. Kasema nisitegemee muujiza, itachukua miezi.”

Kwa kuwa Rehani ndiye aliyekuwa akishuka mjini na ndizi, kazi ya kununua vidonge ikawa yake. Kila pakiti ilipokwisha, Mwanahawa alimpa ile tupu, imefungwa kwenye gazeti, na yeye akaipeleka kwenye duka la dawa la Mama Parveen. Mama huyo alizaliwa hapo hapo Morogoro, baba yake aliuza dawa kabla yake, na hakujua kunong’ona.

“Hizi za mke, baba?” aliuliza mara ya kwanza, duka limejaa watu.

“Hapana. Za mpwa wangu.” Rehani alitamani sakafu immeze. “Za uso.”

Mama Parveen akamtazama juu ya miwani. “Daktari ndiye aliyemwandikia?”

“Ndiye.”

“Basi sawa, na uso zinasaidia. Mwambie asiruke siku. Na kichwa kikimgonga vibaya, au mguu mmoja ukivimba na kuuma, akimbie hospitali, asingoje kesho. Umeshika?”

Rehani aliyakariri maneno hayo njia nzima mpaka mlimani, akayafikisha kama yalivyo. Hakuuliza vilikuwa vidonge vya nini zaidi ya uso. Alikuwa ameambiwa dawa ya uso, na ilikuwa kweli.

Miezi ya mwanzo haikuonyesha kitu. Kuna wiki hali ilizidi, na Rehani akajua kwa sababu Mwanahawa alilima kwa hasira. Lakini hakuacha. Adhana ya isha ikisikika kutoka bondeni, yeye huenda kwenye mtungi, huchota maji, humeza. Mvua inyeshe, mgeni awepo, mtungi ndio kwanza. Pole pole zile chunusi kubwa zikanywea, zikafuata ndogo. Makovu yalibaki, na yeye hakuyajali. Siku moja alishuka gulioni kichwa wazi, kanga mabegani, na yule mama wa nyanya akamuuliza, “Binti, wewe ni mgeni hapa?”

“Ndiyo,” Mwanahawa akajibu. “Nimefika leo.”

Ilipofika hitima ya mama yake, ukoo ulikusanyika kwa Bibi Semeni, dada mkubwa wa mama yake Rehani, ambaye ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho. Kila mtu alijua kwamba baada ya dua na chakula, shamba la mteremkoni litatajwa kuwa la Mwanahawa. Hilo si jambo dogo kule. Ardhi ni ya ukoo, inafuata tumbo la mama, mjomba akiwa mwangalizi. Aliyeazimwa hulima mahindi, maharage, mihogo. Mti wa kudumu hapandi, kwa sababu mwenye mti ndiye mwenye shamba. Kwa mwaka mzima Mwanahawa alikuwa amelima mahindi, na nyuma ya nyumba, kwenye vifuko vya plastiki, alikuwa ameotesha miche ya mikarafuu inayongoja siku hiyo.

Wanawake walikuwa wakimgeuza uso huku na huku kama wananunua embe. “Lakini umetengenezwa na nani, mwanangu? Tuambie hiyo dawa. Mwanangu naye anaharibika.”

Kabla hajajibu, Mwanahawa akaitwa jikoni kuangalia pilau. Aliyejibu alikuwa Rehani, mtu ambaye haikukumbukwa lini aliwahi kusema katika mkutano wa ukoo. Furaha ilikuwa imempanda. Jana yake alikuwa mjini, na pakiti mpya ilikuwa bado kwenye mfuko wa shati.

“Ni hivi hapa,” alisema, akaishika juu. “Kila siku kimoja.”

Wanawake wote waliowahi kwenda kliniki waliitambua ile pakiti kabla hajamaliza. Kisha mmoja akasema taratibu, “Rehani, baba. Hivyo ni vidonge vya majira. Vya kuzuia mimba.”

Rehani aliitazama ile pakiti kama imemng’ata.

“Subhanallah!” Issa akapiga makofi. “Ukoo unatafuta watoto wa kike, mjomba mtu ananunua kufuli! Bibi, shamba tunampa nani sasa? Tumbo limefungwa. Dada zangu wana watoto kumi na moja.”

Mwanahawa alikuwa amesimama mlangoni, mwiko mkononi. Alikuja, akaichukua pakiti mkononi mwa mjomba wake bila kumnyang’anya.

“Ningekwambiaje, mjomba?” alisema chini chini.

“Hungeweza,” Rehani akajibu. Ilikuwa kweli, angekimbia.

Bibi Semeni akagonga fimbo. “Eti binti, ni kweli?”

“Ni kweli, bibi. Vinazuia mimba, na vinatuliza uso. Mimi daktari kanipa kwa ajili ya uso.”

“Unataka kuzaa, hutaki?”

“Nataka. Nikimpata mume ninayemtaka nitaviacha, na daktari kasema tumbo linarudi kama kawaida. Ila siviachi leo ili mjomba Issa apate usingizi.”

Watu wakaguna, wengine wakacheka ndani ya kanga. Bibi Semeni hakucheka. Alisema ukoo wao umebakiwa na nyumba chache, na nyumba ya mama yake Rehani ina binti mmoja tu, huyu. Basi achague. Aache vidonge, shamba litajwe leo. Asipoacha, shamba lingoje mpaka azae; kwa sasa alime kama mwazimaji.

Mama mmoja akamvuta Mwanahawa gauni. “Wewe nawe, sema umeacha! Nani atakuja kukuchungulia usiku?”

Hapo ndipo Rehani alipomtazama, akaona jinsi ilivyokuwa rahisi. Neno moja la uongo, na mteremko wote wake, ngazi zake, miche yake. Angeweza kumeza kwa siri, kama wengi waliokaa pale walivyomeza kwa siri.

“Mama, nimejificha tangu shule,” Mwanahawa akasema, na akasema kwa sauti ya wote kusikia. “Nimechoka. Sitaki shamba ambalo itabidi nijifiche nikiwa ndani yake. Bibi, nitalima kama mwazimaji. Mahindi nayo ni chakula.” Akageuka kurudi jikoni, kwa sababu pilau lilikuwa linaanza kuungua.

Rehani alijikuta amesimama. Hakujua amesimama lini. Kofia yake ilikuwa mikononi, anaizungusha.

“Mama mkubwa,” alisema. “Shamba la dada yangu mwangalizi ni mimi.”

“Mwangalizi kwa niaba ya ukoo.”

“Ndiyo. Nalo lilikuwa pori, na sisi wote tukiwepo. Nyoka walikuwa wanalala pale. Huyu amekuja kutoka Songea hana hata panga.” Jasho lilikuwa likimtiririka. “Kesho nachimba mashimo. Ya mikarafuu.”

Akakaa.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mjomba akichimba shimo la mti, amekwisha kutoa. Bibi kizee alimtazama Rehani muda mrefu, kama anayemtafuta mtoto aliyemjua zamani katika sura ile.

“Umejifunza lini kusema, wewe?”

“Leo, mama mkubwa.”

Bibi Semeni akatikisa kichwa, na mabega yake yakaanza kutikisika, na ikabidi wanawake wamshike asidondoke kitini kwa kicheko. “Haya,” alisema akifuta macho. “Achimbe. Na hao wenye mihogo wakaing’oe. Lakini binti, nikifa hujazaa nitakutokea ndotoni.”

“Karibu, bibi,” sauti ikajibu kutoka jikoni. “Uje na pilau.”

Asubuhi kulikuwa na ukungu mteremko mzima. Rehani alitangulia na jembe na sururu, akachimba shimo la kwanza pale ambapo udongo ni mweusi, na mgongo ukaanza kumkumbusha umri. Mwanahawa alishuka ngazi zake na miche kwenye ungo, uso wazi, makovu yakionekana vizuri kwenye mwanga ule. Akautua ungo chini. Rehani alikuwa na maneno aliyoyaandaa usiku kucha, ya kumwomba radhi kwa ile pakiti na ya kumwambia jinsi anavyomwona. Yakamkwama yote. Akaegemea jembe, akamwonyesha shimo kwa kidevu.

Mwanahawa akainama akachungulia. Akainuka, mikono kiunoni.

“Mjomba,” akasema, “hapa unazika kifaranga? Ongeza kina. Huu mti ndio utakaotuzika sisi.”